Je, Wajua Kwa Nini Kidole Hakichoki?

Aghalabu wazee wa Voi, wanapomwona kijana ameinamia simu yake penye njia panda ya kwendea Taveta, huku matatu mbili zimekwisha kujaa na kuondoka bila yeye, husema kwamba kizazi hiki kimepotewa na adabu. Nami naiona hukumu hiyo kuwa ni dhuluma, maana humtia hatiani mtu na kuuacha huru mtambo. Kijana huyo amenaswa na kitu kilichobuniwa makusudi ili kimnase, na hila yake ni ya ajabu kiasi cha kustahili kutazamwa kabla ya kulaaniwa.

Kitu chenyewe ni ukurasa wa mitandao ya kijamii usio na mwisho. Gazeti lina ukurasa wake wa mwisho, taarifa ya habari ya redio ina dakika zake, na hata mazungumzo ya barazani hukatizwa na adhana. Lakini mwaka 2006 mbunifu Mmarekani, Aza Raskin, alivumbua namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapoukaribia ukingo, asipate mahali pa kusita na kujiuliza kama haja yake imekwisha. Raskin mwenyewe ameijutia kazi hiyo hadharani. Naye Loren Brichter, katika programu yake Tweetie ambayo Twitter iliinunua mwaka 2010, alileta tendo la kuuvuta ukurasa kwa kidole ili mapya yashuke. Na siri iko hapo, kwa sababu anayevuta hajui atapata nini.

Kutojua huko ndiko kunakotenda kazi. Mwaka 1957, B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, na mwenzake Charles Ferster walichapisha habari za majaribio yao ya njiwa waliodonoa kitufe kwa kutaka punje: njiwa aliyelipwa kila alipotimiza idadi maalumu alidonoa, akapokea, akapumzika, ilhali yule ambaye punje yake ilikuja kwa bahati, mara mapema, mara kwa kuchelewa, alidonoa mfululizo pasi na kupumzika, na hata punje zilipokatwa kabisa hakuwa mwepesi wa kukata tamaa. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz akapima bongo za kima waliopewa matone ya maji ya matunda, akaona kwamba chembe zitoazo kemikali iitwayo dopamini huamka kwa nguvu pale tone linapokuja bila kutarajiwa, na tone lilo hilo, likishatabirika, halizishtui tena. Lau kila mvuto wa kidole ungalileta kichekesho, kijana wetu angalichoka kabla ya adhuhuri. Kinachomshika ni ule mvuto mtupu, unaomfanya adhani kwamba ujao utakuwa na neema.

Wala mtambo hauishii kungoja kuvutwa. Huchagua kishuke nini. Januari 2012 Facebook, bila kuwaarifu wahusika, ilichezea habari walizoonyeshwa watu 689,003 kwa juma moja, baadhi wakipunguziwa za furaha na baadhi za huzuni; walionyimwa furaha wakaandika kwa huzuni zaidi, na walionyimwa huzuni wakaandika kwa furaha zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu mmoja, na huenda wengine wakaidharau. Mimi siidharau, maadamu mkono uwezao kugusa nyoyo za malaki kwa siku saba haukuomba ruhusa ya hata mmoja wao.

Uteuzi huo una upendeleo ambao Taita Taveta tumeuonja. Mwishoni mwa Mei 2014 ndovu Satao, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa udongo mwekundu wa Tsavo Mashariki, aliuawa kwa mshale wa sumu, na habari ilipotangazwa Juni ulimwengu ulimlilia katika simu, kilio ambacho kilikuwa cha haki. Lakini mkulima wa Sagalla aliyekanyagiwa mahindi yake usiku mmoja, jirani wa hifadhi zinazochukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, hana picha ya kumliza mtu wa London, na mtambo, usioijua Sagalla wala Mwatate bali huhesabu tu vidole vilivyosita, humzika chini kabisa. Huko huko Sagalla, mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba: ndovu akiusukuma waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka, naye hutimua mbio, na mkulima hubaki na mahindi yake na asali juu yake. Kwamba video ya ndovu anayeoga tope huizunguka dunia, na maarifa haya hayavuki hata barabara ya Mombasa, ni kazi ya mtambo huo huo.

Wasemao kwamba dawa ni mawaidha na waitazame WhatsApp. Aprili 2020, uvumi wa korona ulipozagaa, kampuni hiyo iliweka sharti kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja, badala ya matano. Na kabla ya mwezi kwisha ikatangaza kuwa usambazaji wa jumbe za namna hiyo umepungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyehubiriwa. Ilibadilishwa tarakimu.

Lakini manufaa ya mitandao hii siyakani: kuuza ndizi za Taveta, kuchangisha matanga, kuuonya mtaa kwamba ndovu wameonekana, kumtafuta mbuzi aliyepotea, kuulizia saa ya gari la moshi, kuwakusanya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha Juni 2024, na mengineyo.

Ewe msomaji, usingoje kampuni zikuhurumie, kwani faida yao ni muda wako. Arifa za Facebook na TikTok, zikuitazo kwenye ukurasa huo, huzimwa katika mipangilio ya simu, bure, na kazi hiyo haizidi dakika mbili.