Achana na Grafiti, Uliza Nahodha

Kuna form inazunguka kwa magrupu za WhatsApp kutoka Makongeni hadi Kimbo: mbogi ichange ganji, ihepe Lamu, ikodi chombo, ilale baharini wikendi mzima ikizamia visiwani. Form ni fiti. Noma ni vile sisi wasee wa Thika Road huchagua usafiri. Tumelelewa na nganya. Tunacheki grafiti, tunaskiza kama mziki inabonga, tunadandia. Dere ni nani? Hakuna mtu hushughulika. Baharini unaanza na dere, rangi baadaye.

Kwanza tuelewane. Zile meli za kishua zenye vyumba na mashine ya kujaza mitungi ya hewa, zile masonko hulalia Maldives ama Bahari ya Shamu, hapa Kenya ni ngumu kupata. Kuzamia na mtungi kwetu ni kwenda na kurudi: unatoka Diani, Watamu ama Shimoni asubuhi, mchana ushadishi ukiwa nchi kavu. Hata ukitaka kuona MV Dania, ile meli ilizamishwa makusudi 2002 kaskazini mwa Mombasa ikuwe keja ya samaki, hakuna haja ya kulala majini. Kulala kwa chombo ni mambo ya Lamu. Hapo ni jahazi ya mbao, tanga moja, godoro kwa deki. Unaogelea na miwani na snokeli Manda Toto, ama unasonga hadi Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga.

Cheki msimu. Kaskazi ikivuma, kama Desemba hadi Machi, maji huwa safi unaona chini. Kusi ikishika kuanzia Aprili, mawimbi inapanda na maji inachafuka. Msee akikuuzia safari Juni kwa bei ya kutupa, ushajua kwa nini.

Halafu nahodha. Muulize kuhusu Mkanda, kile kijia cha maji kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji ikikupwa, jahazi inakwama hapo hadi ijae tena. Nahodha anajua kazi atakupangia saa ya kung'oa nanga kulingana na maji. Ukimwambia saa yoyote na anakubali tu, hepa.

Panda ndani kabla ulipe. Hesabu laifu-jaketi na mkono yako. Uliza injini, maji ya kunywa, na choo, juu kwa majahazi zingine choo ni kasanduku kananing'inia nyuma. Chombo ya mbao haikosi ngama kidogo, ile maji huvujia ndani, lakini kama baharia anafua ngama bila kupumzika na bado mko gatini, shuka. Na Kiwayu iko karibu na mpaka wa Somalia. 2011 wageni walitekwa huko na pia Manda. Uliza polisi Lamu njia ikoje.

Sasa hii ni yetu watu wa juu. Thika iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukizamia na mtungi, naitrojeni inaingia mwilini; ukipanda juu mbio, inageuka mapovu, na inaweza kukupoozesha. Kama umezamia siku kadhaa, ngoja angalau masaa 18 kabla ya ndege, na ukiweza siku mzima. Basi pia inakupandisha mlima, kwa hivyo usitoke majini ukiingia stegi. Siku ya mwisho iwe ya kuzurura mitaa ya Lamu ukila viazi karai. Kama ni snokeli ya juu juu tu, hiyo stori haikuhusu.

Kwa hivyo kabla mtu atume doh, apige simu aongee na nahodha mwenyewe, si broka wa Instagram. Amuulize swali moja: Jumamosi maji inajaa saa ngapi? Akijibu papo hapo, changeni.