"Sage": Jani la Jikoni au Mtu Mwenye Hekima?

Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu maelezo ya upishi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Palipokuwa na neno "sage", mwanafunzi mmoja aliandika "majani ya hekima". Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba bila shaka wahenga wa Ulaya waliyala majani hayo ili kunoa akili. Maelezo yalitupendeza, tukampa alama zote. Tulikosea, na inafaa tueleze kosa letu.

Mmea huo, ambao jina lake la kisayansi ni Salvia officinalis, asili yake ni nchi za pwani ya Mediterania. Ni wa jamii moja na mnanaa na mrehani. Majani yake yana rangi ya kijani kilichochanganyika na kijivu, na harufu yake ni kali, hivyo machache tu hutosha chungu kizima. Waingereza huyachanganya na vitunguu na chenga za mkate, wakamjaza kuku au bata bukini kabla ya kumwoka. Waitalia huyakaanga katika siagi na kuimimina juu ya tambi.

Tukija kwenye jina, Warumi waliuita mmea huo salvia, neno linalohusiana na salvus, yaani "mzima, mwenye afya", kwa kuwa ulitumika kama dawa. Kifaransa kikalifanya sauge, na Kiingereza kikalipokea kutoka huko. "Sage" ya mwenye hekima ina asili nyingine kabisa: ni kitenzi cha Kilatini sapere, "kuonja ladha" na pia "kuwa na busara". Kifaransa hadi leo hutenganisha sauge na sage. Katika Kiingereza maneno hayo yamekutana njiani tu, kama paa la nyumba na paa wa porini. Hiyo ni homonimia, si polisemia. Ajabu ni kwamba neno lililotoka kwenye kuonja ni lile la mwenye hekima, wala si la kiungo!

Mtego wa pili uko karibu. Mtu akisikia salvus anaweza kudhani ndiyo "salama" yetu. La hasha. "Salama" imetoka Kiarabu, na kufanana huko ni kwa bahati.

Je, tutafsirije? Tusiandike "mrehani", maana huo ni mmea mwingine wenye ladha nyingine. Tunapendekeza "majani ya seji", na yanapotajwa mara ya kwanza yafuatwe na jina la kisayansi.

Mwanafunzi yule tulimwita, tukamweleza kwamba kosa la kusahihisha lilikuwa letu. Walimu wenzetu, tuletewapo asili ya neno iliyo tamu masikioni, tufungue kwanza kamusi, ndipo tutoe alama.