Kuhesabu Kozi Wapitao

Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi hutoka vichuguuni, na juu ya bonde la Kilombero huweza kuonekana kozi wadogo wakiwakamata angani. Hao si wenyeji wa Ifakara. Kozi wa Amur, mwenye uzito wa gramu 150 hivi, huzaliwa Siberia ya mashariki na Uchina ya kaskazini. Hupita Bara Hindi, akavuka bahari kilometa 3,000 hivi pasipo kutua, akafika kwetu Novemba au Desemba, akielekea kusini.

Tai hawawezi safari hiyo ya bahari. Wao hungoja jua lipashe nchi moto, wakapanda na hewa inayoinuka; kwa hiyo hushika njia za nchi kavu. Huko Batumi, kando ya Bahari Nyeusi, ndege wawindaji zaidi ya 1,000,000 huhesabiwa kila mwaka kati ya Agosti na Oktoba. Mhesabuji hukaa kilimani, huhesabu kundi kwa makumi, huandika saa na upepo.

Faida yake ni nini? Asiyehesabu hajui kilichopungua. Mwaka 2012, huko Pangti, India, kozi hao walinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu, wakauzwa. Mwaka 2013 wanakijiji wenyewe walikomesha jambo hilo. Kozi hula panzi na nzige, adui wa mkulima. Basi, walimu, wafundisheni watoto kuwahesabu, wala wasiwapige kwa manati.