Markdown au HTML: mwandishi wa miongozo achague ipi?

Eden Prairie ni mji ulio kusini-magharibi ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani.

Huu ni mji wa ofisi na viwanda. Hapa yapo makao ya kampuni ya Starkey, inayotengeneza vifaa vya kuwasaidia watu kusikia. Chombo cha namna hiyo hakimfai mtu asiyejua kukitumia, na siku hizi miongozo mingi huwekwa kwenye intaneti. Ndipo linapozuka swali letu la leo: je, kurasa hizo ziandikwe kwa HTML au kwa Markdown?

Tofauti yake ni nini?

HTML ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Maandishi hufungwa baina ya alama zinazoieleza kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali.

Markdown ilitolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber. Ndani yake, alama ya reli mwanzoni mwa mstari yatosha kuonyesha kichwa cha habari, na kistari huanzisha orodha. Baadaye programu maalumu huyageuza maandishi hayo yawe HTML. Kwa hiyo msomaji huletewa HTML kwa vyovyote vile. Suala ni nani anayeiandika, mtu au programu.

Funzo kutoka Minneapolis

Mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha Gopher, mfumo mwepesi wa kutafuta habari kwenye intaneti kwa kufuata orodha. Ulipendwa sana. Lakini viungo vyake vilikaa kwenye orodha tu, havikuweza kupachikwa katikati ya maandishi. Mwaka 1993 chuo kikatangaza ada kwa baadhi ya watumiaji, na mwezi Aprili mwaka huohuo CERN ikaiachia dunia wavuti bila malipo. Gopher ikafifia.

Wepesi ni jambo jema, lakini twapaswa kuuliza pia ni kipi ambacho mfumo hauwezi kukisema.

Swali hilo liliwakabili pia waandishi wa MDN, mkusanyo mashuhuri wa maelezo ya kiufundi kuhusu wavuti. Kwa miaka mingi kurasa zake ziliandikwa kwa HTML. Kuanzia mwaka 2021 zilianza kugeuzwa kuwa Markdown, ili wachangiaji wa kujitolea wapate urahisi wa kuandika na kusahihisha. Hata hivyo, majedwali yenye muundo mgumu yalibaki katika HTML.

Na Kiswahili je?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee kutoka Afrika Mashariki anaishi hapa Eden Prairie pamoja na wanawe. Anaugua kisukari na macho yake yamepungua nguvu. Mwongozo wa kifaa chake cha kupimia sukari umeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna onyo la Kiswahili. Yeye husomewa na programu ya simu inayogeuza maandishi kuwa sauti.

Programu hiyo isipoambiwa kwamba onyo hilo ni la Kiswahili, yaweza kulisoma kwa matamshi ya Kiingereza. Mzee atasikia kelele, na onyo litampita.

Katika HTML tiba yake ni fupi. Ndani ya alama inayofungua aya huandikwa lang="sw", yaani lugha ni Kiswahili, na simu yenye sauti ya Kiswahili huweza kubadili matamshi. Markdown ya kawaida haina alama ya kutaja lugha.

Je, hiyo ni sababu ya kuitupa Markdown? La hasha. Gruber mwenyewe aliruhusu HTML ichomekwe ndani yake pale inapohitajika. Tahadhari ni kwamba baadhi ya mitambo huziondoa alama hizo kwa sababu za usalama, hivyo mwandishi hana budi kujaribu kwanza.

Ushauri basi ni huu. Ikiwa ukurasa una aya, hatua za kufuata na orodha, na watu wengi wanauandika kwa pamoja, Markdown itawapunguzia kazi. Ikiwa una majedwali mazito au lugha zaidi ya moja, tumia HTML, walau katika sehemu hizo.

Na kabla ya kuutoa ukurasa wako, usiishie kuutazama. Iambie simu ikusomee, nawe usikilize kama yule mzee atakavyousikiliza.