Nani Amlipie Msomi?

Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Mumirwa, barabara itokayo Rumonge na kupita Kanyosha huwa imekwisha kujaa watu waendao mjini kwa miguu. Wamo wachuuzi wa mboga na samaki, wamo waashi, wamo askari waendao kupokezana zamu, na miongoni mwao wamo vijana wenye madaftari kwapani. Vijana hao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu. Wamepanga vyumba huku kusini, ilhali kampasi yao ya Mutanga iko upande wa pili wa Bujumbura, mlimani. Tangu mafuta ya magari yawe adimu katika miaka hii ya karibuni, kupata basi kumekuwa jambo la bahati, na asiye na bahati hana budi kutumia miguu yake.

Ndugu askari usomaye ukurasa huu, huenda mmoja wa vijana hao ni mwanao. Na huenda siku moja wewe mwenyewe, au mwenzako wa zamu, mkaamriwa kusimama kwenye lango la chuo hicho hicho, vijana wakiwa upande mmoja wa lango na ninyi upande wa pili. Kwa sababu hiyo suala la gharama za elimu ya juu, ambalo kwa kawaida huachiwa mawaziri, wabunge na maprofesa, linakuhusu kuliko unavyodhani.

Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, mzazi wa Chuo Kikuu cha Burundi cha leo, kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru. Wakati huo aliyevuka mlango wake alikuwa mtu mmoja katika maelfu. Serikali ilimlipia masomo, ikampa malazi na posho ya kila mwezi, kisha ikampa kazi. Hapakuwa na aliyeuliza fedha hizo zatoka wapi, kwa kuwa wasomi walikuwa wachache na nchi iliwahitaji sana. Lakini jibu lilikuwapo: zilitoka kwa mkulima wa kahawa wa Ngozi na Kayanza, ambaye hakuwa na habari kama Mutanga ni mlima au ni mtu.

Hesabu ilibadilika polepole, kisha ghafla. Mwaka 2005 ada za shule za msingi zilifutwa, na watoto wakafurika madarasani. Ilikuwa furaha kubwa nchini, na kwa haki. Lakini mtoto aingiaye darasa la kwanza hafi njaa ya elimu afikapo la sita. Hupanda ngazi mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka 12 au 13 hugonga mlango wa chuo kikuu. Hesabu hiyo, ambayo koplo yeyote angeweza kuipiga juu ya mchanga kwa kijiti, yatufikisha kwenye mwaka 2017 au 2018.

Na mwaka 2017 ndio mwaka ambao amri ya Rais iliugeuza mfumo wa posho. Kile kilichokuwa ruzuku kikawa mkopo, ambao mwanafunzi atatakiwa kuurejesha baada ya kuhitimu. Wanafunzi waligoma kuingia madarasani. Uongozi wa chuo uliwapa muda wa kurudi, na baadhi yao wakakamatwa. Mgomo ukaisha, mkopo ukabaki.

Yafaa kutofautisha mambo mawili hapa. Mageuzi ya awali, yale yaliyoleta shahada za miaka mitatu, miwili na mitatu kwa kufuata mtindo wa Ulaya, yaliwekwa kwa sheria ya tarehe 30 Desemba 2011. Sheria hupita katika Bunge: husomwa, huhojiwa, na mbunge wa Rutana aweza kusimama akauliza kijana wa kijijini kwake atanufaikaje. Amri haina mlango huo. Huenda ina haraka inayostahili, lakini yule ambaye hakuulizwa mapema huja kuuliza baadaye, na huuliza barabarani.

JAMBO LA 1966

Jirani zetu wa Tanzania waliwahi kulipitia jambo hili, nao walilipitia Bungeni. Mwezi Oktoba 1966 muswada wa kuwalazimisha wasomi kuingia Jeshi la Kujenga Taifa uliletwa mbele ya wabunge mjini Dar es Salaam. Jeshi hilo lilikuwapo tangu 1963, lakini vijana waliojiunga kwa hiari walikuwa hasa wale wa elimu ndogo. Sasa msomi naye angetumikia miaka miwili: miezi mitano kambini, kwa mafunzo ya kijeshi na kazi za mikono, na muda uliosalia katika kazi yake ya kawaida huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Mkulima aliyekuwa akilala na jembe ndiye aliyemsomesha kijana huyu. Kijana huyu naye atoe miezi michache na sehemu ya mshahara.

Wanafunzi hawakuikubali. Tarehe 22 Oktoba waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mekundu hadi Ikulu, pamoja na baadhi ya mabango yaliyodai kwamba heri ukoloni. Rais Nyerere aliwapokea, akasikiliza risala yao, kisha akawajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake mwenyewe, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, na papo hapo akatangaza kuukata wake kwa asilimia 20. Baada ya hapo akawafukuza. Karibu vijana 400 wa Chuo Kikuu na vyuo vingine walirudishwa vijijini kwao chini ya ulinzi wa polisi. Wengi walikubaliwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Sheria haikubadilishwa.

Mimi huwa natazama zaidi ule mshahara uliokatwa kuliko wale vijana waliofukuzwa. Kiongozi asiyeukata wake alikuwa na haki gani ya kumwambia kijana akate wa kwake? Miaka 12 baadaye, Machi 1978, wanafunzi wa chuo hicho hicho waliandamana tena, na safari hii walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu waliyojipatia wabunge na mawaziri. Walifukuzwa vile vile. Lakini kila aliyekumbuka ya 1966 aliweza kuona kwamba mizani ilikuwa imegeuka upande.

Makerere haikuwa na bahati hiyo ya kufukuzwa tu. Kwa muda mrefu serikali ya Uganda ilikuwa ikiwapa wanafunzi fedha za vitabu na nauli. Ilipoziondoa, kwa shinikizo la uchumi uliokuwa ukifanyiwa marekebisho, chuo kilichafuka, na Desemba 1990 polisi walifyatua risasi kampasini. Wanafunzi wawili walikufa. Askari aliyefyatua risasi siku ile hakuitunga bajeti, wala hakuketi katika kikao chochote kilichoipitisha. Yeye alikuwa mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu wa watu walioshindwa kuelewana, na ndiye aliyekuwa na bunduki.

MKOPO NA MDAI WAKE

Baadhi ya wasomaji watasema: basi mkopo ndio dawa, kwani aliyefaidika hulipa. Kenya ilianza mikopo ya chuo kikuu mwaka 1974. Serikali ilitoa, wahitimu wakapokea, na kwa kuwa hapakuwa na chombo chenye nguvu ya kudai, walio wengi walisahau. Iliwapasa wabunge kutunga sheria mwaka 1995 na kuunda bodi maalumu ya kuwafuata wadaiwa. Tanzania ilitunga yake mwaka 2004. Makato yaliyotozwa mhitimu mwenye ajira yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi; mwaka 2016 Bunge la Dodoma likayapandisha hadi asilimia 15. Aliyekuwa akipata shilingi 1,000,000 na kukatwa 80,000 alijikuta akikatwa 150,000, na wapo walioanza kazi kwa masharti ya kwanza wakaamkia masharti ya pili. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo iliwafanya wengine waone deni likikua ilhali wanalilipa. Tozo hiyo ilitangazwa kufutwa na Rais Samia siku ya wafanyakazi, Mei Mosi 2021, jijini Mwanza. Ile asilimia 15 ilibaki.

Nchini mwetu ugumu uko mahali pengine. Makato ya mshahara hutaka pawe na mshahara. Mhitimu wa Burundi ambaye anauza vocha za simu kando ya soko la Kanyosha, diploma yake ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, atakatwa wapi? Atakayelipa ni yule aliyebahatika kuajiriwa na serikali: mwalimu, muuguzi, afisa mdogo. Yaani mkopo utarejeshwa na wale ambao serikali yenyewe ndiyo inayowalipa, na wale wa sokoni watabaki wameandikwa katika daftari.

Jeshini jambo hili lina utaratibu wake wa zamani. Kijana anayesomea uafisa hutumia fedha za jeshi, naye hulilipa jeshi kwa miaka ya utumishi. Hana deni la fedha kwa sababu ana mkataba wa kazi. Sioni kwa nini mfano huo usijadiliwe kwa walimu na waganga: aliyesomeshwa na taifa afanye kazi Cankuzo au Makamba kwa miaka kadhaa, na kila mwaka upunguze deni lake. Lakini mpango wa namna hiyo unadai serikali nayo itimize sehemu yake ya mkataba, yaani kazi iwepo huko Cankuzo, na nyumba, na mshahara usiochelewa. Tanzania ilisimamisha utumishi wake wa lazima mwaka 1994 kwa kukosa fedha za kuuendesha, na ikaurudisha mwaka 2013.

Wabunge wanapoijadili bajeti ya elimu katika Jumba la Kigobe, maswali haya ndiyo yanayowangoja: mkopo utadaiwa na nani, kwa kiasi gani cha mshahara, na nini hatima ya asiye na mshahara. Baba mwenye nyota begani na baba mwenye jembe wana haki sawa ya kusikia majibu yake kabla mtoto hajatia sahihi. Kwa sasa kijana wa Kanyosha hutia sahihi kwanza, kisha huteremka kutoka Mutanga jioni kwa miguu, akivuka mji mzima, na kufika kwake giza likiwa limeingia.