Je, wajua mfumo endeshi wa kompyuta una tarehe ya mwisho?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama kawaida, na kwa sababu hiyo watu wengi hawakuona kilichobadilika. Katika mji kama Madibira, wilayani Mbarali, kompyuta moja ya steshenari huchapa barua za maombi ya kazi, hutoa kopi za vitambulisho vya NIDA na hutengeneza picha za pasipoti. Kwa mwenye kompyuta hiyo swali linakuja bila kuombwa: apige Windows 11, abaki na ya zamani, au ahamie mfumo mwingine kabisa? Mafundi hugawanyika. Wapo wanaosifu kila toleo jipya, na wapo wanaosema mashine inayofanya kazi isiguswe. Makala haya yanatetea msimamo wa tatu. Upya wa mfumo hautoshi kuwa sababu ya kuhama, wala mazoea hayatoshi kuwa sababu ya kubaki. Kinachoamua ni kama mfumo bado unapata viraka, yaani marekebisho ya makosa yake, kisha kama mashine na kazi zake zinaweza kubeba mabadiliko hayo.

Mfumo endeshi ni programu inayokaa kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote. Mkulima wa Skimu ya Madibira, yenye takribani hekta 3,000 zinazotegemea maji ya mto Ndembera, ataielewa haraka kazi yake: mfumo endeshi ndiye mgawa maji. Programu ya kuandikia, kivinjari na printa vyote vinataka prosesa na kumbukumbu ya RAM kwa wakati mmoja, naye ndiye anayeamua nani apate kwanza, kwa muda gani, na nani asiingie kwenye jaruba la mwenzake. Maamuzi hayo hufanyika mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na maelekezo yake yameandikwa kwa makumi ya mamilioni ya mistari. Hakuna kundi la wahandisi linaloweza kuandika mistari mingi kiasi hicho bila kukosea. Makosa mengine huishia kuikwamisha printa tu, lakini mengine ni matundu ambayo mtu wa nje anaweza kupenya na kuiamrisha mashine kana kwamba ni yake. Matundu hayo yanapogunduliwa, Microsoft hutoa viraka, kwa kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kiraka huziba kosa ndani ya mfumo uleule. Toleo jipya, kama kutoka Windows 10 kwenda 11, hubadilisha mfumo wenyewe. Watu huyaita yote mawili kuapdeti, na hapo ndipo mjadala unapochanganyikiwa.

Ushahidi kwamba viraka ndivyo vyenye uzito kuliko umri wa mfumo ulipatikana mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kupeana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipenya kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili iyafungue. Ilifika katika nchi takribani 150 na kukumba kompyuta zaidi ya 200,000. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Haikuhitaji mtu abofye kitu. Ilirukia mashine yoyote isiyo na kiraka iliyoifikia kwenye mtandao. Wengi walidhani waathirika wakubwa ni watumiaji wa Windows XP, mfumo uliokwisha muda wake Aprili 2014. Kampuni ya Kaspersky ilipohesabu mashine zilizoathirika, takribani asilimia 98 zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado unahudumiwa. Kiraka kilikuwapo, ila wenye mashine hawakukiweka.

Kwa hiyo mfumo wenye umri mkubwa unaozibwa kila mwezi ni salama kuliko mpya uliotelekezwa. Ila mfumo ukishapita tarehe yake ya mwisho, hali inabadilika kwa namna isiyoonekana. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana ndani. Microsoft inapoziba tundu katika 11, wahalifu hulinganisha mfumo kabla na baada ya kiraka, wakaona ni wapi palirekebishwa, kisha wakatafuta kama kosa hilo limebaki wazi katika 10. Kila mwezi unaopita, wanaotumia mfumo mpya wanapata kinga, nao waliobaki nyuma wanazidi kuanikwa. Kompyuta ya steshenari haijabadilika hata kidogo, lakini hatari yake imeongezeka.

Pingamizi la kwanza linasema: kompyuta yangu haiingii mtandaoni, itadhurika vipi? Steshenari ndiyo mahali pabaya zaidi pa kutoa hoja hiyo, kwa sababu kila mteja anaingia na flashi yake. Wenye biashara hizo wanavijua vizuri virusi vya njia mkato: unachomeka flashi, na mafolda yote ya mteja yanaonekana kama vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Mwaka 2010 ulimwengu ulijua kwamba programu iitwayo Stuxnet ilifika katika mitambo ya nyuklia ya Natanz nchini Iran, ambako kompyuta zilikuwa zimetengwa na intaneti, na flashi ilikuwa miongoni mwa njia zake kuu za kusambaa. Pingamizi la pili ni kwamba kuna antivirusi. Antivirusi inasaidia, lakini kazi yake kubwa ni kutambua programu mbaya. Haiwezi kuliziba tundu lililo ndani ya mfumo endeshi.

Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi: matoleo mapya nayo huharibu. Ni kweli. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha toleo la Windows 10 lililokuwa limetoka siku chache tu nyuma, baada ya baadhi ya watumiaji kukuta mafaili yao yamefutika. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 za Windows, na safari za ndege zikavurugika katika nchi nyingi. Matukio haya yanafundisha kusubiri kidogo na kutunza nakala. Hayafundishi kukaa bila viraka milele. Kasoro ya toleo hugunduliwa ndani ya siku au wiki, kwa kuwa mamilioni ya watu huipata kwa pamoja. Anayesubiri wiki mbili tatu huwa amekwepa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Waliokumbwa na WannaCry walisubiri miezi miwili, wakapatwa na hatari nyingine kubwa zaidi.

Baada ya hapo inabaki mashine yenyewe. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa jumla kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta nyingi zinazouzwa Tanzania ni za mtumba kutoka maofisi ya nje, kwa hiyo kizazi ndicho cha kukagua kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua sehemu ya About katika mipangilio, usome jina la prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: hicho ni kizazi cha 6, na Windows 11 haikikubali. Ikiandikwa i5-8350U, ni kizazi cha 8. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3 na 840 G5, zinazofanana kwa macho ya mnunuzi, zinatengana hapa: ya kwanza hubeba kizazi cha 6, ya pili mara nyingi cha 8. Fundi anaweza kukuambia kwamba ana njia ya kuruka ukaguzi huo. Njia zipo, lakini Microsoft imeeleza kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na hivyo sababu yenyewe ya kuhama inakuwa imepotea. Vivyo hivyo kwa Windows iliyowezeshwa kwa programu za wizi: unaziba tundu moja huku ukimkaribisha usiyemjua ndani.

Mwenye mashine ya kizazi cha chini hajafungiwa njia. Kompyuta za watu binafsi zimepewa muda wa nyongeza wa viraka vya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayeunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Huo ni muda wa kujipanga. Njia ya kudumu zaidi ni Linux, kwa mfano Linux Mint 22, inayohudumiwa hadi 2029, haina ada ya leseni, na inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi ili uijaribu bila kugusa diski. Kwa karani wa chama cha ushirika au mwalimu ambaye kazi yake ni barua, hesabu na mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari, kama MUVU ya vyama vya ushirika au PReM ya Baraza la Mitihani, inatosha. Kwa steshenari inayoishi kwa picha za pasipoti za Photoshop haitoshi, kwa sababu programu hiyo haitengenezwi kwa ajili ya Linux. Kiswahili nacho si kigeni huko: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Wakati wa kuhama nao una uzito wake. Kuanzia Mei hadi Julai, mpunga unapovunwa Madibira, si wakati wa kuifungua kompyuta ya chama cha ushirika inayotunza mizani na malipo ya wakulima. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, hivyo ni nafuu wenye kompyuta kadhaa wachangie bando moja, walipakue mara moja na kuliweka kwenye flashi ya GB 8. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza isiwake tena. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, na kompyuta ya mezani iwe na UPS. Baada ya kupanda kutoka 10, unazo siku 10 za kurudi ulikotoka, basi zitumie kuijaribu printa, skana na programu ya hesabu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kopi za NIDA zilizorundikana kwenye diski ya steshenari ni taarifa za watu.

Hukumu basi ni hii. Kama prosesa yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi na programu zako zinakubali, hamia Windows 11 mara msimu utakapotulia. Kama iko chini ya hapo, chukua muda wa nyongeza huku ukijaribu Linux au ukitafuta mashine nyingine. Kubaki na Windows 10 isiyo na viraka kwa sababu tu bado inawaka ndilo chaguo pekee lisilo na utetezi. Na kabla ya lolote kati ya hayo, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ichomoe, kisha uihifadhi mbali na kompyuta.