Majalada ya kale yalivyopendeza, na sumu iliyojificha kwenye kijani

Mwaka 2019, mhifadhi wa vitabu Melissa Tedone alikuwa akisafisha kitabu cha mwaka 1857 katika makumbusho ya Winterthur, jimbo la Delaware nchini Marekani. Jalada lake lilikuwa la kitambaa cha kijani angavu, limenakshiwa kwa dhahabu. Alipokuwa akibandua uchafu mweusi kwa mwiba wa nungunungu, huku akitazama kwa hadubini, aliona rangi yenyewe ikimeguka na kudondoka.

Hilo halikuwa jambo la kawaida. Mwanasayansi wa makumbusho hayo, Rosie Grayburn, alilipima jalada kwa mashine ya eksirei. Majibu yalionyesha shaba na aseniki, sumu ileile iliyotumika zamani kuulia panya. Kitabu chenyewe, cha ajabu, kilikuwa kinafundisha namna ya kupamba nyumba.

Tangu hapo wataalamu wa sehemu mbalimbali duniani wamebaini zaidi ya vitabu 200 vya aina hiyo. Mwaka 2024, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliondoa vitabu vinne kwenye rafu zake ili vipimwe.

Ilikuwaje sumu ikafika kwenye kitabu? Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, kitabu kilijalidiwa kwa ngozi, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Katika miaka ya 1820, wachapishaji wa London walianza kutumia kitambaa cha pamba kilichokazwa kwa wanga. Kilikuwa rahisi, kikapokea rangi vizuri, na muda si mrefu mafundi wakajua kukipiga chapa ya dhahabu kwa mashine. Ghafla jalada likawa tangazo la kitabu dukani.

Kijani kilichopendwa zaidi kilikuwa kile cha zumaridi, kilichotengenezwa kwa mara ya kwanza mjini Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1814. Kiliwekwa kwenye karatasi za ukutani, nguo, maua ya bandia, na kuanzia miaka ya 1840 kwenye vitabu. Vipimo vya Winterthur vilikuta wastani wa miligramu 1.42 za aseniki katika kila sentimita moja ya mraba ya kitambaa hicho.

Walioumia kwanza hawakuwa wasomaji. Mwezi Novemba 1861, binti wa miaka 19, Matilda Scheurer, alifariki London. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia unga wa kijani kwenye majani ya maua ya bandia. Kabla ya kufa alitapika maji ya kijani, weupe wa macho yake ukageuka kijani, na alimwambia daktari kuwa kila anachokitazama anakiona cha kijani. Magazeti yaliandika sana kuhusu kifo chake. Walioshika vitambaa vya vitabu kutwa nzima hawakuandikwa kiasi hicho.

Si haki, hata hivyo, kuyakumbuka majalada hayo kwa sumu tu. Baada ya kijani hicho kuachwa, sanaa ya jalada ilipanda juu zaidi, na mjini Boston na New York waliotamba ni wanawake.

Sarah Wyman Whitman, mchoraji wa Boston aliyefanya pia kazi ya vioo vya rangi, alianza kuchora majalada katika miaka ya 1880. Wengine walijaza mapambo kila pembe. Yeye aliweka ua moja na herufi chache, akaacha kitambaa kipumue. Aliamini kitabu cha bei nafuu nacho kinastahili kuwa kizuri.

Alice Cordelia Morse alisomea Cooper Union, New York, na kufanya kazi ya vioo kwa Tiffany kabla ya kuhamia kwenye vitabu. Baadaye akawa mwalimu wa sanaa mjini Scranton, Pennsylvania. Mwaka 1923 aliyapa makumbusho ya Metropolitan majalada yake 58, na bila hatua hiyo huenda jina lake lingepotea.

Margaret Armstrong ndiye aliyechora mengi zaidi, takribani 270. Kwenye mengi utakuta herufi M na A zimefichwa katikati ya majani, maana wasanii wengi hawakutajwa popote ndani ya kitabu. Jalada la karatasi la kuvika juu lilipoanza kuwa la rangi, wachapishaji hawakuona tena sababu ya kulipia dhahabu kwenye kitambaa. Armstrong akageukia maua ya porini, na mwaka 1915 akachapisha kitabu chake juu ya maua ya magharibi mwa Marekani.

Kwa mzazi, suala ni kitabu cha kale cha kijani kilichoagizwa mtandaoni kama pambo, au kilichokutwa kwenye sanduku la babu. Kukitazama hakuna shida. Hatari ni ule unga, hasa kwa mtoto mdogo anayeshika kitu kisha akapeleka vidole mdomoni. Aseniki ikiingia mwilini kwa wingi huleta kutapika, kuharisha na maumivu makali ya tumbo. Ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu inahusishwa na saratani ya ngozi na mapafu.

Kama kitabu ni cha kati ya miaka ya 1840 na 1860 na jalada lake ni kijani kikali, vaa glovu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, kisha nawa mikono kwa sabuni. Futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, usiifagie. Mtoto akilamba jalada, mpeleke hospitali na umweleze daktari alicholamba. Wala usikichome kitabu moto, kwa sababu aseniki haiteketei: inatoka na moshi.